Posa Nne kwa Nyuki Mmoja: Mwongozo wa Kuchagua Mzinga wa Kwanza Manono

Manono kila mgeni anauliza habari za mawe. Mji wenyewe ulikua juu ya bati lililoanza kuchimbwa mwaka 1919 wakati wa Wabelgiji, na siku hizi gumzo limehamia kwenye lithiamu. Lakini juu ya mawe hayo upo msitu wa miombo, na ndani ya msitu wamo nyuki ambao hawajawahi kungoja bei ya dunia ili waanze kazi. Mwongozo huu ni wako, mama au papa, uliyeamua mwaka huu kufuga nyuki na sasa umekwama kwenye swali moja: mzinga upi?

Wafugaji wengi wapya huanza harusi kwa kanzu. Wanaona picha ya sanduku jeupe lililopigwa rangi vizuri, moyo unadunda, pesa zinatoka, sanduku linafika. Ndipo wanapoanza kuulizana nyuki watatoka wapi na kama watalipenda. Hiyo ni posa iliyosimama kwa kichwa. Binti anayeposwa ni nyuki. Mizinga ni wachumba. Wewe ni mshenga, na mshenga anayejua kazi yake haanzi kwa kumsifu bwana harusi. Anaanza kwa kumjua binti.

Mjue binti kwanza

Nyuki wetu ana sifa tatu ambazo zinaamua karibu kila kitu.

Sifa ya kwanza: analinda nyumba yake kwa nguvu zote. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, aliwapeleka kwao nyuki malkia kutoka Afrika Kusini na Tanzania ya leo, akitaka nyuki wachapakazi wanaoiweza nchi ya joto. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yaliponyoka, yakaanza kupanda kaskazini nchi baada ya nchi, na mwaka 1990 yakaingia Texas, Marekani. Waandishi wa kule wakawaita nyuki wauaji. Hao ni jamaa za nyuki wetu. Hana ubaya wa moyo. Ana historia ndefu ya kuvamiwa na nyegere, siafu, moto wa kiangazi na binadamu, na amejifunza kutomngoja adui abishe hodi. Nyuki mmoja akikuchoma, anaacha harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Kwa hiyo kabla ya kwenda mzingani, ndizi ziache mezani.

Sifa ya pili: anahama. Maua yakikauka, maji yakiwa mbali, au akisumbuliwa mara kwa mara, kundi zima linaondoka na kukuachia masega matupu. Hajasaini mkataba na mtu. Habari njema ni kwamba anayehama kwa wenzako anaweza kuhamia kwako, na ndiyo sababu hapa kwetu hakuna haja ya kununua kundi: unatundika mzinga mzuri, unaupaka nta, unasubiri.

Sifa ya tatu: umbo lake ni dogo kuliko la nyuki wa Ulaya. Tundu moja la sega lake lina upana wa karibu milimita 4.8, la nyuki wa Ulaya hufika karibu 5.4. Kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine, yeye anapenda milimita 32 hivi. Wa Ulaya anataka karibu 35. Tofauti hiyo inaingia chini ya ukucha, lakini ndiyo inayowaangusha wachumba wengi wa kutoka mbali.

Maswali manne ya wazee

Kila mzinga unaokuja kuposa ukalishwe mkekani na uulizwe haya, hata ukija na barua ya mtaalamu.

Moja: ukivunjika, nani hapa Manono atakutengeneza? Barabara ya Kalemie wakati wa mvua tunaijua, na ya Lubumbashi pia. Kifaa ambacho kipuri chake kinangoja lori ni kifaa cha kuazima.

Mbili: umeua mti gani ili uzaliwe?

Tatu: siku ya mavuno, nitapata asali bila kuharibu majana, yaani mayai na watoto wa nyuki?

Nne: nikikufungua, ni nyuki wangapi watanirukia kwa mpigo?

Mchumba wa kwanza: gogo

Huyu ni mzee wa ukoo. Gogo limechimbwa katikati, pande mbili zimezibwa, tundu la kuingilia limeachwa, na limelazwa juu ya mti. Kutoka Katanga hadi Tabora, miombo yote inamjua. Nyuki wanampenda kwa sababu kuta zake ni nene: jua likichoma nje, ndani joto la majana linabaki kwenye nyuzi 34 au 35 wanazozihitaji.

Maswali mawili ya kwanza anayajibu vizuri kwa sharti moja. Ukivunjika, shoka na mikono vitatosha. Mti? Hapo sharti: usiangushe mti mzima ili kupata mzinga. Tafuta gogo la mti uliokwisha kuanguka, kwenye shamba jipya au pembeni ya machimbo, ambalo vinginevyo lingekuwa makala. Mti huo umekwisha kufa, basi uupe kazi ya pili.

Swali la tatu ndilo linalomtoa jasho. Masega yameshikamana na ukuta wa gogo. Huwezi kulitoa moja, ukalitazama na kulirudisha. Mvunaji mwenye haraka anapanda usiku na mwenge, anachoma nyuki, anakata kila kitu, na ndoo inajaa asali, majana, majivu na mabawa. Hapo kundi limekwisha. Lakini mvunaji anayejua hufanya vingine. Nyuki huweka majana karibu na mlango wao na asali mbali nao. Basi yeye hufungua upande ulio mbali na mlango, hupuliza moshi wa baridi, hukata masega ya asali hadi anapoona majana ya kwanza, kisha anasimama. Maarifa hayo wanayo wazee wa Kiluba na wa Kitwa ambao tangu utoto wamefuata asali ya pori, wakiongozwa na mlembe, ndege anayeita watu hadi kwenye nyuki na kulipwa kwa nta. Kabla ya kukaa mbele ya mwalimu yeyote mwenye ubao na chaki, kaa na mzee wa namna hiyo. Watu hao wawili, Mluba na Mtwa, nchi hii imewaumiza vya kutosha kwa kuwagombanisha; msimu mmoja wa kuvuna pamoja ni jambo kubwa kuliko asali yenyewe.

Hukumu: gogo ni mwalimu mwema. Kama huna pesa hata ya mbao, anza naye bila aibu.

Mchumba wa pili: gamba

Gamba la mti linabanduliwa zima, linakunjwa kama bomba, linafungwa kwa vijiti, linatundikwa. Ni jepesi, halina gharama, na nyuki wanaingia haraka. Kaskazini magharibi ya Zambia, pande za Kabompo na Mwinilunga, maelfu ya wafugaji wanalitumia, na asali yao inauzwa hadi Ulaya. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kulidharau.

Lakini swali la pili linalikamata. Mti uliobanduliwa gamba kuuzunguka mwili wote unakufa ukiwa umesimama, na magamba yanayofaa hutoka kwenye miti ileile ya miombo ambayo maua yake ndiyo chakula cha nyuki. Unamjengea binti nyumba kwa kuchoma jiko lake. Gamba lenyewe linaishi miaka michache tu, kisha unarudi msituni kutafuta jingine. Wenzetu wa Zambia wanajitetea kwamba msitu wao ni mpana, watu ni wachache, na mfugaji mwenye mizinga mia hulinda miti mingi kuliko anayoibandua. Kwa pale walipo, hoja yao ina uzito. Manono haina upana huo. Hapa miti iliyo karibu na mji inakwenda kwenye makala, kwenye tanuri za matofali na kwenye nguzo za mashimo, na anayetafuta kuni anatembea mbali zaidi kila mwaka. Msitu unaodaiwa na watu wengi hivyo hauna deni la ziada la kulipa.

Hukumu: posa imekataliwa. Chakula apewe, heshima apewe, mke asipewe.

Mchumba wa tatu: sanduku la Langstroth

Huyu anakuja na suti. Jina lake ni la mchungaji Mmarekani, Lorenzo Langstroth, ambaye mwaka 1851 aligundua jambo kubwa: ukiacha nafasi ya milimita 6 hadi 9 hivi kati ya fremu na ukuta, nyuki wanaiacha wazi wapite. Ikiwa ndogo zaidi wanaiziba kwa gundi yao; ikiwa kubwa zaidi wanajenga sega. Mwaka 1852 akapata hataza, na tangu hapo fremu hutolewa, hutazamwa na kurudishwa. Asali inakamuliwa kwa mashine ya kuzungusha, na sega linarudi mzingani likiwa zima. Kwa kuwa nyuki hula kilo kadhaa za asali ili kutengeneza kilo moja ya nta, sega linalorudi ni akiba kubwa. Hiyo ni akili ya kweli na inastahili sifa.

Sasa aulizwe. Ukivunjika, nani atakutengeneza? Fremu inadai usahihi wa milimita, na seremala wa mtaani mwenye msumeno wa mkono na mbao mbichi zinazojikunja zikikauka atakupa fremu zinazokwama. Karatasi za nta za kuanzishia masega zinatoka mbali, na nyingi zimechorwa kwa nyuki wa Ulaya, wa milimita 5.4. Mashine ya kukamulia inatoka mbali zaidi, na ni pesa nyingi kwa mtu mwenye mizinga miwili. Kama huna mashine, utakata sega ndani ya fremu, na hapo umenunua suti ya kulimia.

Swali la nne ndilo zito. Ukiinua mfuniko wa Langstroth, paa lote la nyumba limeondoka. Kundi zima linaona mwanga kwa wakati mmoja. Kwa nyuki wapole wa Ulaya hilo si kitu. Kwa binti yetu ni tangazo la vita, na wewe bado unajifunza kufunga kofia ya wavu vizuri.

Hukumu: arudi baadaye. Siku mtakapokuwa wafugaji wengi wenye mashine moja ya pamoja na seremala aliyefundishwa vipimo, mlango uko wazi. Kwa mzinga wa kwanza, hapana.

Mchumba wa nne: mzinga wa vibao vya juu

Huyu ni mtoto wa nyumbani aliyekwenda shule. Wengi wanamwita mzinga wa Kenya, kwa sababu Kenya ndiko alikokamilishwa miaka ya 1970, katika mradi wa wataalamu wa Kenya na wa Kanada. Wazo ni la kale: mwaka 1682 msafiri Mwingereza, George Wheler, aliandika habari za wafugaji wa Ugiriki waliotumia vikapu vyenye vibao juu, kila kibao kikibeba sega lake.

Ni sanduku refu lenye kuta zilizoinama, pana juu na jembamba chini. Hakuna fremu. Juu kuna vibao vimepangwa kimoja kando ya kingine bila mwanya, kila kimoja kina upana wa milimita 32, na chini ya kila kibao umepaka mstari mwembamba wa nta katikati. Nyuki wanaanza sega kwenye mstari huo na kuliteremsha. Kwa kuwa ukuta umeinama kufuata umbo la sega linaloning'inia, mara nyingi hawaligandishi ukutani.

Maswali? Ukivunjika: seremala yeyote wa Manono anaweza, kwa kuwa kipimo cha kushika kwa imani ni kimoja tu, upana wa kibao. Ukuta ukizidi sentimita moja, nyuki hawatakwenda mahakamani. Mti: mbao chache, hata za makasha na vipande vilivyobaki kwenye karakana. Majana: unainua kibao, unatazama, sega lenye majana linarudi, lenye asali iliyofunikwa nta linaingia ndooni. Na swali la nne: ukitoa kibao kimoja, umefungua mwanya wa kibao kimoja. Vingine vyote bado ni dari. Nyuki wachache wanatoka, unawapulizia moshi, unaendelea. Hakuna sifa inayomfaa mwanafunzi kuliko hiyo.

Ana kasoro zake, nazo zisemwe mbele ya wazee. Sega halina fremu ya kulishika. Ukililaza, hasa likiwa jipya na siku ya joto, linakatika na kumwaga asali na majana miguuni. Lishike likining'inia wima, kama lilivyozaliwa. Pia masega ya asali unayakata, nyuki wanajenga upya, kwa hiyo asali itakuwa pungufu kuliko ya mwenye mashine. Lakini nta inabaki mikononi mwako. Nta haimwagiki njiani na haiozi. Inaweza kungoja barabara ikauke. Kwa mji ulio mbali na soko kama wetu, hiyo ni faida, wala si kifuta machozi.

Hukumu: posa imekubaliwa.

Wanaokuja bila posa

Watakuja na wengine: dumu la njano la lita 20, pipa la chuma, chungu kilichopasuka. Mwenyewe atakuapia kwamba nyuki waliingia peke yao. Ni kweli, nyuki wanaotafuta makao huingia hata kwenye dari la ofisi ya serikali. Kuingia si kukaa. Chuma na plastiki juani vinapika, nta inalainika, masega yanaanguka, na kundi linaondoka. Wape mkono wa kwaheri.

Kutoka posa hadi ndoa

Nenda kwa seremala mapema, Juni au Julai. Mwambie: «Papa fundi, nataka vibao 28, kila kimoja urefu sentimita 48 na upana milimita 32. Hapo ndipo tusikoseane.» Mpe kijiti ulichokikata kwa kipimo hicho akitumie kupimia kila kibao. Vibao 28 vikikaa pamoja vinachukua karibu sentimita 90. Huo ndio urefu wa ndani wa sanduku, ongeza kidogo tu. Mbao ziwe kavu, zisizonuka dawa wala dizeli. Ndani usipake rangi. Usikubali ubao wa mukula uliotoka kwenye magendo. Mti huo umekwisha kubebwa vya kutosha na malori kutoka misitu ya Katanga. Juu weka bati na nyasi juu ya bati, ili jua lisipige moja kwa moja.

Tengeneza mizinga miwili, usitengeneze mmoja. Mmoja ukinyamaza hutajua kama kosa ni la msimu, la mahali au la mzinga. Miwili inashuhudiana.

Agosti iwe imekwisha kutundikwa. Miombo mingi huchanua mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijashika, na makundi yanayotafuta makao hupita wakati huo. Paka ndani nta, sugua mchaichai. Tundika kwa waya kati ya nguzo mbili au matawi mawili, mzinga ufike kiunoni ili ufanye kazi ukiwa umesimama chini; wengi wamevunjika miguu juu ya miti kwa ajili ya asali ya usiku. Paka grisi kwenye waya, siafu wasipite. Kuwe na kivuli na maji karibu, lakini mbali na njia, shule, kisima na zizi la mbuzi. Mbuzi aliyefungwa kamba hawezi kukimbia nyuki, na mtoto anayetoka shule hawezi kujua kwamba leo umefungua mzinga. Usalama wao ni kazi yako kabla hujahesabu faranga moja.

Fungua jioni, jua likiwa limelegea. Vuna masega yaliyofunikwa nta karibu yote. Asali isiyofunikwa bado ina maji na itachacha. Waachie nyuki masega kadhaa ya chakula, kwa kuwa mvua kubwa huwafungia ndani siku nyingi.

Hatua ya mwisho wengi wanairuka. Asali ya mavuno ya kwanza usiipeleke yote sokoni. Chupa moja kwa seremala, moja kwa mzee aliyekufundisha moshi, moja kwa mwenye ardhi, moja kwa jirani ambaye shamba lake linapakana na mizinga na ambaye huchoma majani kila Julai, moja kwa kijana anayekata makala upande ule. Mizinga ya wanaoanza hufa zaidi kwa moto na wizi kuliko kwa ugonjwa, na hakuna kufuli linalofungwa juu ya mti. Mtu aliyeonja ana sababu ya kuzima moto kabla haujafika kwako, na kijana wa makala akijua kwamba mti uliosimama unalipa kila mwaka ilhali uliokatwa hulipa mara moja, atakuja kuuliza mzinga unatengenezwaje. Mpe kijiti cha milimita 32 akakitumie. Manono haihitaji mfugaji mmoja mwenye masanduku meupe. Inahitaji wafugaji wengi ambao kila mmoja ana sababu ya kusema mti huu hakati mtu.